Maswali ambayo muumini angependa kumwuliza Mungu mwenyewe, na kwa nini tusiharakishe kumjibia

Wapendwa katika Kristo, nawasalimu, pamoja nanyi nyote mtakaosoma uzi huu mkiwa na imani nyingine au mkiwa hamna imani yoyote. Ninaandika hasa kwa ajili ya waumini wanaosali, wanaoshiriki ibada na kusoma Maandiko, na ambao bado wana swali moja au mawili wasiyowahi kuyatamka mbele ya mtu kwa kuogopa kuonekana kwamba wameanza kurudi nyuma. Mjadala wa kama Mungu yupo au hayupo una mahali pake, nami siuanzishi hapa. Mtu anayesema "Bwana, kwa nini?" ameshakubali kwamba yupo wa kuulizwa, na ndiyo maana swali lake humwuma kuliko linavyoweza kumwuma asiyeamini.

Ninaloamini, na ambalo naomba tulijadili kwa utulivu, ni kwamba maswali hayo ni sehemu ya sala, na kwamba tunawaumiza wenzetu kila tunapoyajibu haraka haraka kwa niaba ya Mungu.

Anayedhani kwamba kuuliza ni dalili ya imani haba na asome tena Biblia yake. Ibrahimu, aliyeitwa rafiki wa Mungu, alisimama mbele zake akiitetea Sodoma, akaanza na watu hamsini wenye haki, akashuka hatua kwa hatua hadi kumi, na katikati ya maombi hayo akauliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Gideoni, alipoambiwa na malaika kwamba Bwana yu pamoja naye, hakusema amina. Aliuliza mbona basi mambo yale yote yamewapata, na ziko wapi zile ajabu ambazo baba zao waliwasimulia. Yeremia alitaka kujua mbona njia ya wabaya inasitawi. Zaburi ya 13 inarudia "hata lini" mara nne katika aya mbili za kwanza. Zaburi ya 88 haina hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, inaishia gizani, na bado iliwekwa katika kitabu cha nyimbo za ibada ili watu waiimbe pamoja. Waliokusanya zaburi hizo wangeweza kuiacha. Hawakuiacha, nami namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kuna siku ambazo muumini hana zaburi nyingine anayoweza kuisoma bila kusema uongo.

Nabii Habakuki anastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Alianza kwa kumlalamikia Mungu kwamba analia kwa sababu ya udhalimu wala hasikilizwi. Akajibiwa kwamba Wakaldayo, yaani watu wa Babeli, wanakuja kuwa fimbo ya hukumu. Jibu hilo lilimwongezea swali, kwa maana sasa ilimbidi aulize ni vipi aliye mtakatifu awatumie waovu kuwaadhibu watu wenye haki kuliko wao. Hakuondoka. Alisema atasimama katika zamu yake, juu ya mnara, angoje aone atakaloambiwa. Hapo ndipo lilipokuja lile neno kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake, neno ambalo Paulo alilinukuu kwa Warumi na kwa Wagalatia, na ambalo karne nyingi baadaye liliwasha moto wa Matengenezo ya Kanisa. Naomba tulipime jambo hili kwa uzito wake: msingi ambao mamilioni ya Wakristo wanausimamia ulitolewa kwa mtu aliyekuwa amekwenda mbele za Mungu na malalamiko mawili mfululizo.

Sasa nitaje swali langu mwenyewe, ambalo nimelibeba kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Linatoka katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume. Mfalme Herode Agripa wa Kwanza alinyosha mikono yake ili awatende mabaya baadhi ya watu wa kanisa. Alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga, na alipoona kwamba jambo hilo limewapendeza watu, akamkamata na Petro. Kifo cha Yakobo kimepewa mstari mmoja. Wokovu wa Petro umesimuliwa kwa kirefu, kitu kwa kitu: vikosi vinne vya askari wanne wanne, minyororo miwili, askari wawili ambao Petro amelala katikati yao, nuru iliyomulika chumbani, malaika aliyempiga ubavuni na kumwambia ajifunge na kuvaa viatu vyake, lango la chuma lililofunguka lenyewe, hata yule kijakazi Roda aliyefurahi mno akamwacha mgeni nje ya mlango na kukimbilia ndani kutoa habari. Mwandishi amekumbuka viatu. Kwa Yakobo hakuna lililosimuliwa zaidi ya upanga.

Yakobo alikuwa mmoja wa wale watatu walioitwa kando pamoja na Bwana, mlimani alipogeuka sura na bustanini alipohuzunika. Mama yake ndiye aliyewaombea wanawe viti vya kuume na vya kushoto katika ufalme, akiwa hajui anaomba nini, na Mathayo anamtaja tena mama huyo miongoni mwa wanawake waliosimama mbali wakiutazama msalaba. Ikiwa alikuwa hai bado wakati wa Herode, basi alimzika mwanawe, kisha baada ya siku chache akasikia kanisa likishangilia kwamba Petro ametoka gerezani. Nataka kumwuliza Mungu, kwa heshima yote, kwamba malaika aliyetumwa kwa Petro angeshindwa nini kutumwa kwa Yakobo juma lililotangulia. Nimewasikia wahubiri wakisema kwamba kanisa lilimwombea Petro kwa bidii lakini halikumwombea Yakobo. Andiko halisemi hivyo. Linasema kwamba Petro aliombewa. Kuhusu Yakobo limenyamaza, na kulijaza lile pengo kwa kulilaumu kanisa ni kumwambia kila mfiwa kwamba ndugu yake angepona kama angepiga magoti vizuri zaidi.

Nakiri kwamba hadithi ya Petro haikuishia langoni. Mapokeo ya kanisa yanasema kwamba yeye naye aliuawa, huko Roma, katika enzi ya Nero. Kwa hiyo aliyeokolewa hakuokolewa moja kwa moja. Aliongezewa miaka ya kazi. Hilo linanisaidia kidogo, lakini halilifuti swali, kwa sababu miaka hiyo Yakobo hakupewa, na hatukuambiwa sababu.

Nadhani waumini wengi wanalo swali la aina hii hii katika sura nyingine. Wawili wamelazwa wodi moja, wana ugonjwa mmoja, wameombewa na watu wale wale. Mmoja anatoka akitoa ushuhuda na mwingine anatoka akiwa amefunikwa shuka. Ushuhuda wa yule wa kwanza ni wa kweli na usizimwe. Lakini mjane wa yule wa pili amekaa katika ibada ile ile akiusikia, na hakuna aliyemwandalia nafasi ya kusema chochote. Tunachompa ni maneno yaliyo tayari: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hayo ya mwisho ni maneno ya Ayubu, na Ayubu aliyasema juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa ameirarua joho lake na kunyoa kichwa. Hakuna popote alipoyasema juu ya watoto wa mtu mwingine. Rafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na huo ndio wakati pekee ambao walikuwa faraja kwake. Walipofungua vinywa kumweleza sababu za Mungu, waliharibu. Mwishoni mwa kitabu Mungu alimwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama alivyonena Ayubu. Aliyekuwa amepiga kelele za kudai kesi yake isikilizwe ndiye aliyethibitishwa, na waliomtetea Mungu kwa hoja zilizopangika ndio waliotakiwa kutoa sadaka na kuombewa na yule waliyemlaumu.

Swali la maombi yasiyojibiwa linahitaji neno moja zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojeruhiwa sana na jibu la "hukuwa na imani ya kutosha". Paulo alimsihi Bwana mara tatu kwamba mwiba ule wa mwili umtoke, na akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Yesu mwenyewe aliomba mara tatu Gethsemane kikombe kile kimwepuke, na hakikumwepuka. Ikiwa kipimo cha imani ni kupata ulichoomba, basi wawili hao wameshindwa mtihani, jambo ambalo hakuna Mkristo atakayelisema. Na pale msalabani, katika saa ya tisa, Bwana wetu alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Sijui jambo jingine katika dini yetu linalonipa ujasiri kama hili, kwamba Mwana mwenyewe alikufa akiwa ameuliza mbona, na hatusomi kwamba sauti ilitoka mbinguni kumjibu saa ile. Jibu lilikuja siku ya tatu, nalo lilikuja kwa tendo.

Kuna maswali ya misiba mikubwa inayowaua watu bila kuchagua. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Lisbon wakati waumini wengi walikuwa makanisani. Kuta ziliwaangukia, mishumaa iliyowashwa kwa ajili ya ibada ikachangia kuanzisha moto, na waliokimbilia ufukweni wakakutana na mawimbi makubwa ya bahari. Walikufa makumi ya maelfu. Wanafalsafa na wanateolojia wa Ulaya walibishana juu ya siku hiyo kwa miaka mingi, baadhi wakisema ni adhabu kwa dhambi za mji. Yesu alikuwa amekwisha kulikataa wazo hilo karne kumi na saba kabla, alipotaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine wote waliokaa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Ona kwamba alikataa maelezo mabaya bila kutoa maelezo mengine badala yake. Aliwaita wasikilizaji watubu, na kuhusu sababu ya mnara kuanguka siku ile juu ya watu wale, hakusema neno. Kama yeye aliyejua hakusema, sisi tusiojua tunapata wapi ujasiri wa kusema?

Swali jingine ni la watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Kristo, waliozaliwa wakafa kabla mhubiri yeyote hajafika walipoishi, pamoja na watoto waliokufa wachanga. Hapa makanisa hayasemi jambo moja. Augustino, askofu na mwalimu wa kanisa la kale, alifundisha kwamba mtoto asiyebatizwa hawezi kuepuka hukumu kabisa, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa baadaye walilainisha kwa kufikiria mahali pa kando ambapo watoto hao wangekaa bila mateso. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulifundisha kwamba wale wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yao kwa msaada wa neema, wanaweza kuupata wokovu. Na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilichapisha andiko linalosema kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto waliokufa bila ubatizo wanaokolewa. Waprotestanti nao wana misimamo mbalimbali. Kwa wazazi mimi hushika maneno ya Daudi baada ya mwanawe mchanga kufa, kwamba yeye atamwendea mtoto, lakini mtoto hatamrudia. Daudi alikuwa amefunga na kulala chini siku zote za ugonjwa. Hakupewa alichoomba, lakini alijua anakokwenda kumkuta.

Lipo swali ambalo wengi huliruka katika usomaji wao, nalo ni amri ya Samweli wa Kwanza, sura ya 15, ya kuwaangamiza Waamaleki, mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Marcion, katika karne ya pili, alilitatua tatizo la namna hii kwa kulitupa Agano la Kale lote na kusema kwamba Mungu wa humo si Baba wa Yesu, na kanisa likamkataa, kwa haki kabisa. Origen, mwalimu mwingine wa kanisa la kale, alitafuta maana ya kiroho, akisema vita hivyo ni picha ya kuua dhambi ndani ya nafsi. Wengine husema kwamba ilikuwa hukumu ya mara moja, kwa taifa moja, katika wakati mmoja. Nimeyasoma maelezo hayo yote na hakuna lililonituliza ninapofikia neno "anyonyaye". Sitaki kujifanya kwamba limenituliza. Hili ni kati ya maswali nitakayoyauliza kwa sauti ya chini, nikijua kwamba ninayemwuliza ndiye aliyewahurumia Waninawi pamoja na wanyama wao, na aliyemwuliza Yona kama anatenda vema kukasirika.

Yapo na mengine ambayo nayataja tu: kwa nini sala ya Yesu kwamba wote wawe na umoja, iliyo katika sura ya 17 ya Yohana, imeachwa ipite katika mafarakano ya mwaka 1054, kati ya kanisa la Mashariki na la Magharibi, na ya 1517, ya Matengenezo ya Kanisa, na mengine yasiyohesabika baada ya hapo, na kwa nini kurudi kwake kunachelewa, ingawa Petro ametuambia kwamba Bwana hakawii bali anavumilia, hapendi mtu yeyote apotee.

Nyongeza, baada ya kuisoma michango yenu ya mwanzo.

Ndugu mmoja amenikumbusha Warumi 9, "wewe u nani umjibuye Mungu?", na ameona kwamba uzi wote huu umekatazwa na mstari huo. Naliheshimu andiko hilo na sitalipunguza. Lakini naomba tusome aya iliyo kabla yake, ambapo anayejibiwa ni mtu anayetaka kuukwepa wajibu wake kwa kusema kwamba Mungu hana haki ya kulaumu kwa kuwa hakuna awezaye kushindana na mapenzi yake. Huyo hatafuti jibu, anatafuta kisingizio. Paulo mwenyewe anaifungua sura hiyo kwa kusema kwamba ana huzuni nyingi na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake, na anatumia sura tatu akilichunguza swali kama Mungu amewasukumia mbali watu wake. Kama kuuliza kungekuwa dhambi, asingekuwa na sura hizo za kuandika.

Dada mwingine ameuliza kwa nini Zakaria alipigwa bubu kwa kuuliza "Nitajuaje neno hilo?" ilhali Mariamu alijibiwa kwa upole alipouliza "Litakuwaje neno hili?" Swali hili ni zuri, na malaika mwenyewe ametoa sababu kwa upande wa Zakaria, kwamba hakuyasadiki maneno yake. Zakaria alikuwa kuhani, mzee, amesimama hekaluni, amepewa kile alichokuwa akikiomba, na anamjua Sara aliyezaa uzeeni. Yeye alidai uthibitisho. Mariamu aliambiwa jambo ambalo halikuwahi kutokea, akauliza njia yake. Hata hivyo ningependa msione adhabu ya Zakaria kuwa ni kutupwa. Elisabeti alichukua mimba, mtoto alizaliwa, na ulimi ulipofunguliwa maneno ya kwanza yalikuwa ya sifa.

Wako pia waliosema tuache maswali yote hadi mbinguni, ambako tutapata majibu ya kila kitu. Inawezekana. Lakini Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba siku ile hawatamwuliza neno lolote, na sioni kwamba aliwaahidi kikao cha maelezo. Pengine tutaelezwa, na pengine kumwona kutatosha kama kulivyomtosha Ayubu, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za mashauri yaliyofanyika mbinguni juu yake, na ambaye kilio chake kilikoma aliposema kwamba sasa jicho lake limemwona. Kwa kuwa sijui itakuwa lipi kati ya hayo mawili, nauliza sasa, maana sasa ndipo ninapoumia, na Zaburi zimenipa ruhusa.

Katika michango yote iliyotangulia naona hakuna aliyeuliza swali lililo kinyume cha langu. Daudi, alipoahidiwa kwamba nyumba yake itathibitishwa, aliingia akaketi mbele za Bwana akasema, "Mimi ni nani?" Nimeuliza sana kwa nini Yakobo hakufunguliwa lango, na nimeuliza mara chache mno kwa nini mimi nililelewa na watu waliomjua Mungu, kwa nini ugonjwa wangu ulipona, kwa nini nilisamehewa mambo ambayo nisingemsamehe mtu. Sababu za hayo nazo sijapewa.

Karibuni muendelee. Ombi langu ni kwamba kila mmoja aliandike swali lake kama anavyoliweka mbele za Mungu, na kwamba wengine tusimjibu mwenye msiba ila atakapotuomba kufanya hivyo.